Jani linapopoteza maji tuiteje kwa Kiswahili?

MamaKitalu, Moshi
Wakuu, habari. Nina kitalu cha parachichi huku Kibosho, miche kama mia mbili chini ya neti. Wiki jana bwana shamba kaja saa saba mchana, kakuta majani yamelegea na udongo bado una unyevu. Akasema "hiyo transipiresheni", akapanda bodaboda akaondoka. Jumamosi kina mama wa kikundi wanakuja kujifunza. Nikiwatajia neno hilo watanicheka. Nilijaribu "mvukizo", mmoja akaniuliza: si ule wa nguo kwenye kamba? Nisemeje? Lina visawe?

Mwalimu Mstaafu
Mama huyo yuko sahihi. Mvukizo, au uvukizaji, ni wa nguo, wa bwawa, hata wa udongo wako. Kwa mmea lazima uutaje mmea wenyewe: mvukizo wa mimea, au utoaji mvuke wa mimea. Mimi nalipenda la pili, maana linamtaja anayetoa. Jani lina stomata, vitundu vinavyofunguka na kujifunga, vingi viko upande wa chini. Nguo haina mlango. "Kunyauka" usiliweke kwenye visawe: hayo ni matokeo, jani likitoa maji kuliko mizizi inavyoyaleta. Na tafadhali iwe v, si f. Kufukiza ni udi, na zile nyungu za kujifukiza wakati wa korona 2020.

Kijana wa Tengeru
Sisi tunasema mmea unatoka jasho. Watu wanaelewa papo hapo.

Mwalimu Mstaafu
Jasho lina chumvi, kijana. Jani hutoa mvuke mtupu, chumvi inabaki ndani. Kupoza linajipoza kweli, kwa hiyo kwa mfano sawa, kwa jina hapana.

MamaKitalu, Moshi
Mrejesho. Rambo, ile mifuko ya plastiki ya kubebea, zilipigwa marufuku tangu 2019, basi nikachukua mifuko miwili ya mkate. Saa tatu asubuhi mmoja nikaufunga kwenye tawi lenye majani manne, mwingine kwenye tawi nililolikwanyua majani yote. Kufika saa nane ule wa kwanza umelowa ndani, matone yamekusanyika kwenye kona. Wa pili, ukungu kidogo tu. Bibi mmoja akachovya kidole, akaonja: "Mbona hayana chumvi?" Kijana wa Tengeru, pole. Kwenye kadi tumeandika "jani kutoa mvuke", na neti ya pili nimeshaifunga upande wa jua.