Antena ya hidrojeni ya sm 21 kwa sekondari: kopo la kipenyo gani?

GesiYaGalaksi
Wakuu, utafiti wangu wa uzamili ni gesi ya galaksi. Natafuta kifaa ambacho kidato cha tatu hapa Dodoma watakiunda wenyewe na kuona Njia Nyeupe, galaksi yetu, inavyozunguka. Nina pembe (faneli) ya plaiwudi iliyofunikwa foili, kopo la bati la kunasa wimbi, amplifaya ya kukuza mawimbi na RTL-SDR, risiva ndogo ya redio ya kuchomeka kwenye kompyuta. Kopo liwe na kipenyo gani? Na mbona grafu ni mstari mnyoofu, hakuna mlima kwenye 1420.4 MHz, masafa ya wimbi la sm 21 la hidrojeni?

FundiMasafa
Kopo likiwa chini ya sm 12.4, wimbi la sm 21 halipiti kabisa. Likizidi sm 16 kidogo, linaingia umbo la pili la wimbi na kuvuruga. Kaa kati ya sm 15 na 16. Kwa sm 15, toboa tundu sm 9.3 kutoka kitakoni. Waya wa shaba uingie ndani sm 5.2. Kwa sm 16 tundu linashuka hadi sm 8.3, usinakili tu vipimo vya kopo la mwenzako. Mdomo wa pembe sm 75 kwa 60 unatosha.

Risasi ya kulehemu haishiki alumini, kwa hiyo konekta iende kwenye bati. Foili nayo iguse bati moja kwa moja, maana gundi haipitishi umeme.

Kuhusu mstari mnyoofu: elekeza mdomo chini ardhini, kisha juu angani. Kelele isiposhuka, amplifaya haina umeme. Volti zake hupita kwenye waya uleule wa koaksia na lazima uziwashe kwenye programu.

Mtaa_wa_21
Naongezea. Amplifaya ikae pale pale kwenye kopo. Mita 5 za waya wa koaksia aina ya RG-58 kabla yake zinameza zaidi ya nusu ya nguvu.

Halafu usiweke kitovu cha risiva kwenye 1420.4, kwa sababu kuna mwiba wa uongo katikati. Weka 1419.6. Pima dakika 5 kwenye anga iliyo mbali na Njia Nyeupe, kisha gawanya kipimo chako kwa hicho. Bila hivyo unaona umbo la filta ya risiva tu, si hidrojeni.

GesiYaGalaksi
Kelele imeshuka baada ya kuwasha volti, asanteni. Wanafunzi ni 45, antena moja. Niwagawe vipi?

FundiMasafa
Makundi matano, kila kundi na longitudo yake ya galaksi (pembe kutoka kitovu cha galaksi kando ya Njia Nyeupe): digrii 20, 30, 40, 50 na 60. Hidrojeni haijali mchana: mwanzoni mwa Februari longitudo 30 iko karibu utosini Dodoma mnamo saa 4 na nusu asubuhi.

Wasisome kilele cha mlima, wasome ukingo wake wa masafa ya chini. Kila kHz 4.74 chini ya 1420.4 MHz ni km 1 kwa sekunde ya gesi kutukimbia. Ondoa kwanza mwendo wa Dunia, unaofika km 30 kwa sekunde. Longitudo 30 ikibakiza kama 110, jumlisha 220 × sin 30° (220 ni kasi ya Jua kuzunguka galaksi): unapata 220, kwenye umbali wa 8.5 × sin 30° (8.5 ni umbali wa Jua kutoka kitovu), yaani kiloparseki 4.25 kutoka kitovu; kiloparseki 1 ni kama miaka-nuru 3,260.

Mtaa_wa_21
Kabla ya kupima, wachore mkunjo wa kasi za sayari dhidi ya umbali wao kutoka Jua: Dunia km 29.8 kwa sekunde, Zohali 9.7. Wabashiri kasi ya galaksi itashuka vivyo hivyo kadiri unavyokwenda mbali na kitovu, ndipo uweke nukta zao tano ubaoni. Hiyo ya longitudo 20 itegemee kukaa vibaya kidogo. Karibu na kitovu gesi haizunguki kwa duara safi.