Tupeane uzoefu: mapenzi gani kwenye hadithi za majini na majoka yalikuingia moyoni, na yapi uliyakataa?

Mlinzi wa Ukuta:
Wakuu, jana nimerudia tamthilia ya Game of Thrones na hasira zimenirudia upya. Jon na malkia wa majoka Daenerys! Wanakutana kipindi cha tatu cha msimu wa saba, msimu wenyewe una vipindi 7 tu, na kabla haujaisha washafungiana mlango melini. Kila aliye pembeni anatuambia wanapendana, ila wao sijawasikia wakizungumza jambo lisilo la vita wala la kiti cha enzi. Halafu mwaka 2019 eti nilie Jon anapomchoma Daenerys kisu. Sikulia. Ila kwenye tamthilia hiyo hiyo, Jaime alipojitupa kwenye shimo la dubu kumfuata yule mwanamke mpiganaji Brienne, hana silaha, mkono mmoja umeshakatwa, nilisimama juu ya kochi. Hawakuwa wametamkiana neno la mapenzi. Kilichotangulia ni kule bafuni kwenye ngome ya Harrenhal, alipomweleza kwa nini alimuua mfalme, siri aliyokaa nayo miaka. Kwako wewe, nini kinakufanya uamini?

Mama Pili:
Hiyo siri. Umemaliza.

Kalamu ya Bara:
Mimi nasoma sana simulizi za majini zinazotumwa vipande vipande WhatsApp. Jini kampenda binti wa mtu, kesho yake nyumba Masaki, gari, dhahabu. Najiuliza, kapenda nini? Hajui hata binti mwenyewe anaogopa nini. Na yeye jini hapotezi chochote! Juzi nimekutana na moja ambayo jini kila akikaa duniani nguvu zinampungua, na bado anarudi, anakaa jikoni anamsikiliza mtu anasimulia habari za sokoni. Ile nimeisoma mpaka alfajiri.

Jogoo la Shamba:
Waanze na ugomvi tu. Wagombane sura tano, ya sita mapenzi yanajileta yenyewe.

Mama Pili:
Hapana mdogo wangu. Mwanamume anamdharau mwanamke sura tano, ya sita tunaambiwa kumbe alikuwa anampenda? Nimezichoka hizo.

Jogoo la Shamba:
Dada, nimesema ugomvi, sijasema dharau. Soma vizuri.

Mama Pili:
Nimesoma vizuri. Taja hadithi moja ambayo havikuja pamoja.

Mbali na Nyumbani:
Mimi nawatetea wanaopendana kwa kuonana mara moja. Kwenye hadithi ya Tolkien, mtunzi wa The Lord of the Rings, kijana Beren anamwona binti Lúthien, asiye wa jamii ya binadamu, akicheza msituni, basi, kaisha. Wengi mtasema haiaminiki. Lakini angalieni kinachofuata. Baba wa binti anadai kito kutoka kwenye taji la Morgoth, bwana wa giza, akijua ni kumtuma kijana kifoni. Binti anafungiwa juu ya mti, anaotesha nywele zake kwa uganga, anazifuma joho na kamba, anatoroka kumfuata. Ni yeye anayemlaza Morgoth usingizi kwa wimbo. Beren anang'atwa mkono ukakatika. Mwisho binti anakubali kufa kama binadamu ili awe naye. Tolkien mwenyewe alikatazwa na mlezi wake kumwandikia mpenzi wake Edith mpaka atimize miaka 21. Alimwandikia usiku ule ule wa kutimiza, mwaka 1913, akakuta kachumbiwa na mwingine. Edith akauvunja uchumba. Leo kaburi lao pale Oxford limeandikwa Lúthien chini ya jina la mke na Beren chini ya la mume.

Jogoo la Shamba:
Ya Tolkien na mkewe naikubali. Ya msituni bado. Kucheza tu?

Mtoto wa Pangani:
Mbali na Nyumbani, hilo joho limenichokonoa. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Bibi yangu alikuwa na hadithi ya Hasani wa Basra, ya Alfu Lela Ulela. Sonara kijana anafungua mlango aliokatazwa, anaona ndege wanatua bwawani, wanavua manyoya, kumbe ni wasichana wa kijini. Anaficha joho la yule aliyewashinda wote kwa uzuri, hawezi tena kuruka, anamwoa. Watoto tuliipenda sana sehemu ya harusi. Bibi aliipita haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Usiku mmoja umeme umekatika, baraza imejaa majirani. Alikuwepo mke wa mtu, sisi tukimwita Shangazi. Alisomea ualimu, lakini mumewe alimfungia vyeti sandukuni tangu walipooana, ufunguo anatembea nao. Mtaa ulijua, mtaa ulinyamaza. Bibi akafika pale Hasani yuko safarini na mke anayatia mkononi manyoya yake. Akayavaa, akawabeba wanawe wawili, akapaa. Akaacha neno kwa mkwewe: akinitamani, anifuate visiwa vya Wakwak.

Shangazi akauliza, "Bibi, kumbe hakuwa akimpenda?"

Bibi akamjibu, "Angejuaje, mwanangu, na mabawa kafichiwa?"

Asubuhi tuliamshwa na shoka. Shangazi alikuwa uani anapasua sanduku, watu wamejazana, hakuna aliyethubutu kumshika. Akavifunga vyeti kwenye kanga, akapanda basi la Tanga.

Jioni yake Bibi alimalizia. Hasani anavuka nchi baada ya nchi, anamkuta mkewe anateswa na dada yake, anamtoa. Ndipo nilipoyaamini mapenzi yao. Mpaka leo nikishika hadithi naangalia kwanza: huyu angeweza kuondoka? Kama hangeweza, mwandishi asiniambie amependa.

Kalamu ya Bara:
Nimesisimka. Mume alimfuata?

Mtoto wa Pangani:
Alituma wazee. Wakaambiwa aje mwenyewe. Hakuja. Shangazi alifundisha mpaka akastaafu.

Mlinzi wa Ukuta:
Poleni na hongereni, ila mada ni hadithi za kubuni, tusihamie kwenye ndoa za watu.

Mama Pili:
Mada ni hiyo hiyo. Brienne angeweza kuondoka, Jaime angeweza kuendelea na safari yake. Yeye akageuza farasi.

Mbali na Nyumbani:
Kwa wanaoandika: mpeni mmoja homa, mwingine akoroge uji. Usiku mmoja wa hivyo unatosha kuliko majoka kumi.

Jogoo la Shamba:
Uji uungue, wagombane. Halafu Kalamu ya Bara, ile simulizi ya jini anayeishiwa nguvu inaitwaje? Naitaka leo.