Naomba ushauri: njia mbili za kutafuta pembe za ndani zinawachanganya wanafunzi

Ndugu walimu wenzangu, habari za kazi. Wakubwa zangu, shikamooni.

Ninafundisha Hisabati darasa la saba wilayani Masasi. Juma lililopita niliandika ubaoni, sambamba, njia mbili za kutafuta jumla ya pembe za ndani za umbo la pande tano: ya kwanza huchora mistari kutoka kona moja na kupata pembetatu tatu, yaani 3 × 180 = 540; ya pili huweka nukta ndani ya umbo, ikapata pembetatu tano, yaani 5 × 180 = 900, kisha hutoa nyuzi 360 zinazoizunguka nukta hiyo, zikabaki 540. Nilitaka wajadili kwa nini jibu ni lilelile, kwani naamini hapo ndipo jiometri inapoeleweka. Wengi waliandika 900 wakaishia hapo, na binti mmoja akaniuliza, “Mwalimu, ipi ndiyo ya mtihani?” Nimejaribu kuwapanga wawili wawili na kuwakatisha pembetatu za karatasi, lakini wasioelewa wananakili tu kwa wenzao.

Je, niwaache waimudu njia moja kwanza ndipo nilete ya pili, au zote ziende pamoja? Na niwaulize swali gani ili waone wenyewe kwamba zile 360 si pembe za umbo?

Natanguliza shukrani.