Panya wa maabara na kidonda cha sukari: tafiti au ukatili?

Mwana Makorora: Wadau, nimetoka kumsafisha mama kidonda. Ana sukari, kidole cha mguu mwezi wa nne huu hakijafunga. Mwanangu anayesoma biolojia ananiambia wazungu wanabadilisha jeni za panya, yaani vinasaba vyake, kisha wanamkata ngozi mgongoni wapime kidonda kinavyopona. Mimi naona ni ukatili. Mnasemaje?

Kijana wa Chumbageni: Dada, na sumu uliyoweka nyuma ya kabati la unga je?

Mwana Makorora: Yule kanifuata jikoni. Huyu kazalishwa ili aumwe! Na sote tunakijua kisa cha kwenye hadithi ya Mtume, cha mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka hadi akafa njaa.

Muuguzi Mstaafu: Mpe pole mama. Panya wa sukari anayetumika sana, db/db, hakutengenezwa na mtu. Alizaliwa hivyo katika maabara ya Jackson, Marekani, akatangazwa mwaka 1966. Waliotengenezwa ni wale waliozimwa jeni moja, mbinu iliyowapa wanasayansi Capecchi, Evans na Smithies Tuzo ya Nobeli ya 2007. Ukizima jeni, kidonda kikachelewa, umepata pa kuanzia kuuliza. Kwa mgonjwa wangu siwezi kutenga sababu moja hivyo: sukari, mishipa iliyoziba, ganzi, kandambili inayobana, vyote viko mguu mmoja.

Ila kuna jambo linaniudhi. Chini ya ngozi ya panya kuna tabaka la msuli, basi kidonda chake hujivuta kingo kama mdomo wa mfuko wa kamba. Chetu hujaa nyama changa kwanza, ngozi ikatambaa juu. Ndiyo maana watafiti makini hushona pete ya silikoni kuzunguka kidonda kisijivute. Asiyezuia kujivuta huko halafu akadai kapata dawa ya binadamu, huyo kamtesa panya bure.

Mzee wa Raskazoni: Binti yangu, dawa imepatikana lakini?

Muuguzi Mstaafu: Shikamoo mzee. Ipo jeli ya kupaka kidondani, bekaplemini, Marekani waliiruhusu 1997. Kichocheo cha ukuaji wa seli kilichomo kiliwaponyesha panya hao vizuri; kwa watu kinasaidia kiasi tu. Mwana Makorora, usingoje panya. Mpeleke mama hospitali ya Bombo, wamwangalie mfupa na mshipa wa mguu. Na asikikanyagie.

Mwana Makorora: Tutakwenda Jumatatu, inshallah. Kuhusu panya, bado hamjanishawishi.