Waya wa kuunga kompyuta na tivii ya mama, Wete

Assalaam aleikum jamaa,

Inshaallah mwezi ujao nakwenda nyumbani Wete, Pemba. Mama ana tivii bapa ukumbini, na ipo kompyuta ya mezani aliyoiacha mdogo wangu. Nataka niziunge awaone wajukuu vizuri, maana kwenye simu hulalamika anaona pua tu. Huku Coventry dukani wananionesha waya wa pauni 5 na wa pauni 40. Nichukue upi?

Kijana wa Wete

---

Wa aleikum salaam kakaangu,

Usinunue kitu bado. Mwambie mtu wa nyumbani aigeuze kompyuta, apige picha mgongo wake, na wa tivii vilevile. Mimi sikufanya hivyo. Nilishuka bandarini Mkoani na mkoba mzima wa waya, na hata mmoja haukufaa.

Tundu bapa lililochongwa pembe zote mbili za chini ni HDMI. Likiwapo kote kuwili umemaliza kazi, waya mmoja unabeba picha na sauti. Wa pauni 5 unatosha, kwani picha ya kidijitali ama inafika ama inakatikakatika, haizidi uzuri kwa bei. Tivii ikiwa ya 4K, zile za picha kali zaidi, tafuta ulioandikwa 18 Gbps, ndiyo kasi ya waya. Ncha za dhahabu sizikatai kwa kwetu, ule upepo wa chumvi unakula hata bawaba za madirisha.

Lililochongwa pembe moja tu ni DisplayPort. Hapo ndipo nilipoliwa. Waya huu una njia: unataka wa kutoka DisplayPort kwenda HDMI. Mimi nilibeba wa kinyume, kwa macho ni pacha. Tivii ikabaki nyeusi mpaka magharibi, mama ananitazama: "Hayo ndiyo mlosomea Ulaya?"

Ukiona tundu la buluu la vijitundu 15, hiyo VGA, nayo haina sauti. Tivii ikiwa haina VGA, utataka kigeuzi cha kutoka VGA kwenda HDMI, chenye waya wake wa USB wa umeme na wa sauti. Ule waya mtupu, VGA huku na HDMI kule bila kigeuzi, usiununue, hautafanya kazi.

Na pima. Mita 2 huonekana nyingi mpaka uzungushe nyuma ya kabati.

Mtu wa Chake, Copenhagen

---

Wanangu, mumeongea waya mpaka mumesahau kamera. Kompyuta ya mezani aghlabu haina. Mama atawaona wajukuu, wao watamuona nani? Nunua ya USB yenye kipaza sauti. Na sauti ikitoka kwenye kompyuta badala ya tivii, ingia kwenye mipangilio ya sauti uchague tivii.

Shangazi yenu, Toronto

---

Ahsante shangazi, ahsante kaka. Picha imefika: DisplayPort mbili na buluu moja, tivii ina HDMI. Nachukua wa DisplayPort kwenda HDMI, mita 3, na kamera. Mama keshauliza kama itaonesha na jikoni.