Je, homoni pekee ndizo zinazoamua seli ichome sukari au mafuta?

Muulizaji:
Habari zenu wanajukwaa. Katika fiziolojia tumefundishwa kwamba insulini na glukagoni, homoni za kongosho zinazodhibiti sukari ya damu, ndizo zinazoamua seli itumie nishati gani. Hata hivyo, moyo wa panya uliotolewa mwilini, ukaendelea kupitishiwa majimaji ambayo kiwango chake cha homoni hakibadiliki, hupunguza matumizi ya glukosi mara asidi za mafuta zinapoongezwa. Amri hiyo hutoka wapi?

Mchangiaji wa kwanza:
Hutoka kwa asidi za mafuta zenyewe. Zinapovunjwa ndani ya mitokondria (vinu vya nishati vya seli) huzalisha kwa wingi asetili-CoA na NADH, mazao ya uvunjaji huo, na dutu hizi mbili huzuia piruveti dehidrojenasi, kimeng'enya kinachoyaruhusu mabaki ya glukosi kuelekea kwenye mzunguko wa Krebs, yaani hatua za mwisho za kuchoma malighafi. Sitrati, dutu ya mzunguko huo, inapozidi hutoka nje ya mitokondria na kupunguza kasi ya fosfofruktokinasi, kimeng'enya cha hatua za awali za kuvunja glukosi, hivyo glukosi-6-fosfati (glukosi iliyopachikwa fosfati) hurundikana na kuizuia heksokinasi, kimeng'enya kilichoitengeneza. Mwanabiokemia Philip Randle na wenzake waliueleza utaratibu huu mwaka 1963. Kizuizi cha upande wa pili nacho kipo: glukosi inapokuwa tele, seli hutengeneza malonili-CoA, ambayo huzifungia asidi ndefu za mafuta mlango wa mitokondria.

Mchangiaji wa pili:
Maelezo hayo yanaufaa moyo, ila hatua ya glukosi-6-fosfati isichukuliwe kuwa kanuni ya kila tishu. Vipimo vya miaka ya 1990 katika misuli ya watu ambao damu yao iliongezewa mafuta vilionyesha kuwa dutu hiyo ilipungua badala ya kurundikana, jambo linaloashiria kwamba kizuizi kilikuwa mapema zaidi, pale glukosi inapoingia kwenye seli au inapopachikwa fosfati.

Tena, insulini yenyewe hutii glukosi. Heksokinasi ya ubongo na misuli hufikia nusu ya kasi yake glukosi ikiwa chini sana ya milimoli 1 kwa lita, kwa hiyo mabadiliko ya kawaida ya sukari ya damu hayaigusi sana. Glukokinasi, aina ya heksokinasi iliyo katika seli beta za kongosho zinazotengeneza insulini, hufikia nusu ya kasi yake kwenye takribani milimoli 8, na kwa sababu hiyo kila ongezeko la sukari baada ya mlo huongeza kasi yake. ATP (dutu inayobeba nishati ya seli) inayopatikana hufunga mifereji ya potasiamu, kalisi huingia, na insulini humwagwa.

Muulizaji:
Nashukuru. Je, insulini basi ni mjumbe tu asiye na uamuzi?

Mchangiaji wa tatu:
Hapana, huko ni kwenda mbali mno. Insulini huamua kiasi cha mafuta kinachotoka kwenye seli za mafuta, na hivyo huamua ni malighafi gani itaufikia moyo. Ketoni, malighafi ambayo ini hutengeneza kutokana na mafuta, zinaonyesha vizuri jinsi tabaka hizi mbili, la homoni na la malighafi zenyewe, zinavyoingiliana. Katika kufunga kwa muda mrefu, ketoni huupatia ubongo sehemu kubwa ya nishati yake, na wakati huohuo beta-hidroksibutireti, mojawapo ya ketoni hizo, hujishika kwenye kipokezi cha seli za mafuta na kupunguza uvunjaji wa mafuta, yaani hupunguza malighafi yake yenyewe. Breki hiyo husaidiwa na insulini kidogo iliyobaki. Kwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya 1 aliyekosa insulini kabisa, breki hiyo peke yake haitoshi, na asidi ya damu hupanda hadi kuhatarisha maisha.