Naomba ushauri: kupima mzigo kwenye programu huria ya wingu

Habari zenu wakuu. Nachangia programu-jalizi huria ya Nextcloud (programu ya kuhifadhi mafaili kwenye seva yako mwenyewe), na tunataka kila badiliko la msimbo lipimwe mzigo, yaani tuone linavyohimili watumiaji wengi kwa pamoja, kabla halijaunganishwa. Nimeandika jaribio kwa Locust, zana ya kupima mzigo: watumiaji 50 wa kuigiza wanapandisha mafaili kwa WebDAV (itifaki ya kuhamisha mafaili kupitia wavuti). Kwenye laptopu yangu linaenda vizuri, ila kwenye seva za bure majibu yanayumba. Msimbo uleule leo unajibu kwa milisekunde 200, kesho 600. Kipimo cha hivyo nani atakiamini? Nimejaribu k6, zana nyingine ya kupima mzigo, yaleyale. Nahisi tatizo ni mashine moja kubeba Nextcloud, hifadhidata ya PostgreSQL na zana ya kupimia kwa pamoja.

Kwa mradi usio na hela, nyie mnapimia wapi? Na nikiachana na muda, nikahesabu kwiri (maulizo) zinazokwenda kwenye hifadhidata kwa kila ombi, itatosha kunasa msimbo mzito?